Siku Mbili Kabla: Kipandauso cha Hedhi na Afya ya Akili

Kipandauso cha hedhi ni maumivu ya kichwa yanayomrudia mwanamke katika siku zinazozunguka kuanza kwa damu ya mwezi. Mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa, hudunda kwa kufuata mapigo ya moyo, huzidi mtu anapotembea au kuinama, na huandamana na kichefuchefu, kutapika, na kuchukia mwanga, kelele na harufu. Kisipotibiwa hukaa kati ya saa 4 na saa 72. Hayo yote yanapatikana katika vipandauso vingine pia. Kinachokitenga hiki ni tarehe. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018, unaihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1 na unataja kipindi cha siku 5: mbili zinazotangulia damu na tatu za mwanzo za damu yenyewe. Maumivu yakiangukia humo katika angalau mizunguko miwili kati ya mitatu, jina linastahili. Anayeugua ndani ya siku hizo peke yake ana kipandauso halisi cha hedhi. Anayeugua humo na siku nyingine pia ana kipandauso kinachohusiana na hedhi, na kundi hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza kwa mbali. Nchini Norway watafiti waliowachunguza wanawake wa miaka 30 hadi 34 walikuta kwamba miongoni mwa wenye kipandauso, takriban mmoja kati ya watano anakipata kwa kufuata hedhi.

Uhusiano wa kichwa na mwezi haukugunduliwa jana. Katika karne ya 17 daktari wa Uholanzi, Johannes van der Linden, aliandika habari za mke wa mtawala wa Brandenburg aliyeshikwa na maumivu ya upande mmoja, kichefuchefu na matapishi kila damu ilipokuja. Habari za namna hiyo ziliendelea kuandikwa na madaktari wanaume, na aghalabu zilimalizikia kwenye hukumu juu ya tabia ya mgonjwa. Hata Harold Wolff wa New York, ambaye elimu ya kipandauso inamdai shukrani nyingi, mwaka 1937 alieleza haiba ya wenye kipandauso kama watu wasiojipa nafasi ya kukosea. Maelezo hayo yalidumu muda mrefu kuliko ushahidi wake. Mwanamke alikwenda kulalamikia kichwa akarudi na maelezo kuhusu nafsi yake.

Jibu la kimwili lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Australia. Mtafiti B. W. Somerville aliwachukua wanawake wachache ambao vipandauso vyao vilifuata hedhi bila kukosa, akawadunga homoni siku chache kabla ya damu. Waliodungwa projesteroni walichelewa kupata damu, lakini kichwa kilikuja kwa wakati wake. Waliodungwa estrojeni walipata damu kama kawaida, lakini kichwa kilichelewa mpaka estrojeni waliyodungwa ilipopungua mwilini. Jaribio lilikuwa dogo, na hitimisho lake limesimama hadi leo: kinachoamsha kipandauso ni kushuka kwa estrojeni, wala si damu. Tena lazima homoni hiyo iwe imekaa juu kwa siku kadhaa kabla ya kuporomoka. Ndiyo maana mshuko mfupi wa katikati ya mwezi, yai linapotoka, kwa kawaida hauwasumbui wanawake hawa, ilhali mshuko wa mwisho wa mzunguko huwalaza kitandani.

Estrojeni inaposhuka, serotonini ya ubongo nayo huyumba, na mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso na utando wa ubongo huwa mwepesi kuchokozeka. Mshipa huo ukishachokozeka humwaga protini ndogo iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kupeleka habari za maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Lars Edvinsson wa Sweden na Peter Goadsby wa Australia waliipima protini hiyo katika damu itokayo kichwani wakati wa shambulio wakaikuta imepanda. Kazi hiyo ilichangia kuwapatia wao na wenzao wawili Tuzo ya Ubongo ya mwaka 2021. Kwa mwanamke aliye mwezini kuna mchokozi wa ziada. Ukuta wa kizazi unapobomoka hutoa prostaglandini, kemikali zile zile zinazobana tumbo la chini. Zikiingia kwenye damu huongeza maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na ndiyo sababu mwenye tumbo kali la hedhi mara nyingi ni mwenye kichwa kikali pia, na dawa moja huweza kuyapunguza yote mawili.

Yote haya yako vitabuni. Katika zahanati za Afrika Mashariki mambo huenda kwa njia nyingine, na kumbukumbu za mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Tanga, ambaye jina lake halihitajiki hapa, zinaonyesha njia hiyo vizuri. Kichwa kilimwanza akiwa kidato cha pili, si muda mrefu baada ya kuvunja ungo. Bibi yake alimsagia karafuu akampaka kwenye paji, akamkaza kichwa kwa kanga na kumlaza chumba chenye giza. Tiba hiyo haikuponya, lakini ilijua mengi kuhusu ugonjwa: giza, ukimya na kutulia ndivyo mwili wenyewe unavyodai. Hospitali ilikuwa na mawazo mengine. Kichwa na kutapika katika mkoa wenye mbu ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hata ilipothibitika vinginevyo alipewa dawa ya mseto kwa tahadhari. Mara nyingine jibu lilikuwa taifodi, mara nyingine yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Hapa pana mtego ambao haujatajwa vya kutosha. Mseto humezwa kwa siku tatu, na shambulio la kipandauso huisha lenyewe ndani ya siku tatu. Mgonjwa anameza, siku ya tatu kichwa kinaachia, naye anaondoka na uhakika kwamba malaria imetibiwa. Tabibu naye anabaki na uhakika ule ule. Mwezi unaofuata "malaria imerudi". Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi, dawa zikipewa sifa ya kazi iliyofanywa na saa, bila mtu yeyote kukosea kwa makusudi. Vipimo vya haraka vya malaria vimepunguza jambo hili pale vinapotumiwa na kuheshimiwa. Havijalimaliza, kwa sababu kipimo kinasema tu kwamba malaria haipo. Hakisemi kilichopo ni nini.

Katika kisa cha mwalimu, fumbo lilifunguliwa na maandishi mawili ambayo hayakukusudiwa kazi hiyo. La kwanza lilikuwa daftari la mahudhurio la shuleni, lililoonyesha siku alizokosa kazi. La pili lilikuwa orodha yake mwenyewe ya siku za hedhi, ambayo aliianza kwa ajili ya kulipa kadha, yaani siku za Ramadhani alizokosa kufunga, na kisha akaizoea mwaka mzima. Muuguzi mmoja wa makamo, aliyemuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa ("Mwalimu, damu yako ilianza lini?"), alimwomba alete vyote viwili. Vilipowekwa kando kwa kando, siku za kukosa kazi zilisimama mwanzoni mwa kila hedhi, zikiitangulia kwa siku moja au mbili.

Kumbukumbu ya kichwani isingetosha. Watafiti waliolinganisha majibu ya wanawake na shajara zao wamekuta tofauti za pande zote mbili: wapo wanaoamini kwamba kichwa chao ni cha hedhi, shajara ikaonyesha kimetapakaa mwezi mzima, na wapo ambao hawakuwa na habari kwamba kinafuata hedhi mpaka waliposoma walichoandika. Maumivu makali hujichorea tarehe zake akilini, na tarehe hizo si lazima ziwe za kweli. Kwa hiyo msingi wa utambuzi ni shajara ya miezi mitatu: siku ya damu, siku ya kichwa, ukali wake, dawa iliyomezwa na saa ya kuimeza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kushika nafasi ya karatasi hiyo. Picha ya ubongo ina kazi yake pale dalili zinapotisha, yaani kichwa kilichopasuka ghafla kwa ukali usiowahi kutokea, kichwa chenye homa na shingo ngumu, udhaifu wa mkono au mguu, kupotewa na fahamu, au kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Mjamzito aliyepita wiki 20 mwenye kichwa kikali apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kifafa cha mimba hakingoji shajara.

Ramadhani inastahili maelezo yake, kwa sababu inaonyesha jinsi vichokozi vinavyopandana. Mwanamke wa Kiislamu aliye mwezini hafungi, analipa baadaye. Lakini estrojeni huporomoka kabla ya damu kuonekana, katika zile siku mbili ambazo bado anafunga. Njaa, upungufu wa maji, kukosa kahawa ya asubuhi aliyoizoea na usingizi uliokatwa na daku, kila kimoja kinajulikana kuamsha kipandauso hata kwa mwanamume. Vikiangukia juu ya mshuko wa homoni, shambulio la mwezi huo huwa zito kuliko ya miezi mingine, na linakuja alasiri wakati jiko linawashwa kwa ajili ya futari na nyumba nzima inanuka mafuta ya kukaangia. Anayezijua tarehe zake anaweza kujitayarisha: maji ya kutosha usiku, daku lisilorukwa, kahawa iliyopunguzwa polepole tangu Shaabani. Na sheria ya dini yenyewe inampa mgonjwa ruhusa ya kufungua, jambo ambalo wanawake wengi hulihubiri kwa wengine na kulisahau kwao wenyewe.

Mashambulizi ya siku za hedhi, yakilinganishwa na ya siku nyingine kwa mwanamke yule yule, huwa marefu zaidi na makali zaidi, hayasikii dawa kwa urahisi, na hurudi baada ya kuonekana yameisha. Mengi huja bila zile dalili za macho, yaani mistari ya vimulimuli na madoa meusi, zinazowatangulia baadhi ya wagonjwa wa kipandauso. Ngozi ya kichwa yenyewe huweza kuuma: kuchana nywele kunachoma, hereni zinakuwa adhabu, ushungi uliofungwa vizuri asubuhi unafunguliwa mchana kwa hasira. Kichwa kikiisha huacha siku nzima ya uchovu na akili nzito, siku ambayo watu wa nyumbani huihesabu kuwa ya uzima kwa sababu mgonjwa amesimama.

Sehemu kubwa ya madhara, hata hivyo, haimo katika siku za kuugua. Imo katika siku za kungoja. Mwenye kipandauso cha kawaida anaogopa shambulio lisilojulikana. Mwenye kipandauso cha hedhi anaogopa lile analolijua. Mwalimu wa Tanga anakumbuka kwamba wiki ya tatu ya kila mwezi ilimharibikia bila kichwa kuuma hata kidogo: alikataa kusimamia mtihani ulioangukia tarehe mbaya, aliwaambia ndugu kwamba hataweza kwenda harusini kabla hajajua kama atakuwa mgonjwa, alibeba vidonge hata msalani. Kila mchomo mdogo wa jicho ulikuwa dalili. Madaktari wanaitambua hofu hii kuwa sehemu ya ugonjwa. Kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo inayowaingiza kwenye kumeza dawa mapema mno na mara nyingi mno.

Watu wenye kipandauso hupata sonona na ugonjwa wa wasiwasi mara mbili hadi nne zaidi ya wasio nacho. Maelezo rahisi ni kwamba maumivu yanamchosha mtu mpaka anavunjika moyo, na yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Naomi Breslau na wenzake, waliofuatilia wakazi wa eneo la Detroit nchini Marekani kwa miaka, walikuta kwamba njia ina pande mbili: kipandauso kinaongeza uwezekano wa sonona kufuata, na sonona inaongeza uwezekano wa kipandauso kuanza kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Kwa maumivu mengine makali ya kichwa hawakukuta njia hiyo ya kwenda na kurudi. Inaelekea, basi, kwamba magonjwa haya mawili yana mizizi inayogusana, na serotonini imo katika mizizi hiyo. Homoni ile ile inayoporomoka kabla ya damu inagusa kichwa na inagusa moyo. Baadhi ya wanawake katika siku hizo hupata huzuni, hasira na kukata tamaa kwa kiwango kinachovuruga maisha. Hali hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili kama ugonjwa kamili. Mwenye vyote viwili anapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Aliye karibu naye na akasikia maneno ya kutotaka kuishi asiyachukulie kuwa ni ya hedhi tu na yatapita. Ayachukulie kama yalivyosemwa na ampeleke kwa mtaalamu.

Kuna madhara mengine yasiyotoka kwenye homoni. Yanatoka kwa watu. Maumivu ya kichwa hayaonekani, na hedhi haitajwi, kwa hiyo mgonjwa wa yote mawili hana pa kuanzia kujieleza. Mafunzo ya unyago katika sehemu nyingi za pwani yalimwandaa msichana kustahimili maumivu ya mwezi kama sehemu ya utu uzima wake, na kustahimili huko kuna heshima yake. Lakini kuna maumivu ya kustahimili na maumivu ya kutibu, na kungwi hakuwa na njia ya kuyatenganisha. Wifi anasema bibi harusi anajidekeza. Mkuu wa shule anauliza, "Kichwa tu, Mwalimu?" Wengine wanapeleka lawama kwa majini au hasada ya jirani, na mgonjwa anazungushwa kwa waganga wa kienyeji mpaka akiba inakwisha. Hijama, yaani kuumika, nayo sasa imerudi kwa kishindo mijini. Wapo wanaoapa kwamba imewasaidia, na huenda kupumzika kwa saa moja mikononi mwa mtu anayekuamini kuna faida yake. Ushahidi kwamba inazuia mshuko wa estrojeni haupo.

Kutoaminiwa si shida ya pwani peke yake. Joan Didion, mwandishi wa Marekani, alichapisha mwaka 1968 insha kuhusu kipandauso kilichomlaza kitandani siku kadhaa za kila mwezi. Anaeleza jinsi alivyokuwa akidanganya kwenye fomu alipoulizwa kama huumwa kichwa, kwa aibu ya kuonekana ameshindwa kuutawala mwili wake, na jinsi wasio na ugonjwa huo walivyokuwa na hakika kwamba ni wa kufikirika. Anagusia pia jinsi ile picha ya mgonjwa anayetaka kila kitu kiwe kamili ilivyogeuzwa kuwa kipimo: nywele zake hazikuwa nadhifu vya kutosha kumstahilisha ugonjwa wake. Insha yake ni fupi na haina malalamiko, na imefanya kazi ambayo vitabu vya tiba havikuifanya. Iliwaonyesha wasomaji kwamba mtu anaweza kuwa na akili kali, kazi nzuri na nidhamu, na bado akaangushwa na kichwa. Waandishi wa Kiswahili wamekaribia hedhi kwa upande wa taulo za kike na masomo ya wasichana. Upande wa kichwa bado unasubiri wa kuuandika.

Kwa hesabu za kimataifa za mwaka 2019, kipandauso kilikuwa cha pili duniani miongoni mwa magonjwa yanayowafanya watu waishi na ulemavu, na cha kwanza miongoni mwa wanawake vijana. Kabla ya kubalehe wavulana na wasichana hulingana. Baada ya hapo wanawake huwa mara mbili hadi tatu ya wanaume. Umri huo wa baada ya kubalehe ndio wa kusoma, kuajiriwa na kulea. Baadhi ya nchi zimejaribu kutunga sheria. Japani iliweka likizo ya hedhi katika sheria ya kazi ya mwaka 1947. Zambia humpa mfanyakazi mwanamke siku moja kwa mwezi bila kudai cheti cha daktari, na Hispania ilipitisha sheria yake mwaka 2023. Jambo zuri katika utaratibu wa Zambia ni hilo la cheti. Kwingi Afrika Mashariki mgonjwa anayetaka ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika, ili asikatwe mshahara analazimika kwenda kukaa kwenye benchi la hospitali, juani, karibu na barabara yenye bodaboda, katika saa ambayo mwili wake unadai giza na ukimya. Wengi huona afadhali kwenda kazini wakatapike chooni.

Tiba ipo, na kwa sehemu kubwa ni ya bei nafuu. Kanuni ya kwanza ni wakati. Kipandauso kikianza, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma chakula, na kidonge kilichochelewa kinakaa tumboni bila kuingia kwenye damu. Dozi kamili mwanzoni hushinda nusu dozi tatu zilizotawanywa mchana kutwa. Ibuprofeni, naproksini na asidi ya mefenamiki zina faida ya ziada katika siku hizi kwa sababu zinazuia prostaglandini. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu wazungumze na mtaalamu kwanza. Metoklopramidi hutuliza kichefuchefu na kulifanya tumbo lisukume tena. Zisipotosha, kuna dawa za kundi la triptani, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa sumatriptani. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumatriptani katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini kuwemo kwenye orodha ni jambo moja na kupatikana duka la dawa la mtaani ni jambo jingine. Haiwafai wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi.

Kutabirika kwa ugonjwa, ambako ndiko kunakozaa hofu, ndiko pia kunakotoa nafasi ya kuukinga. Mwanamke ambaye mzunguko wake haubadiliki anaweza, kwa ushauri wa daktari, kumeza naproksini mara mbili kwa siku kuanzia siku mbili kabla ya damu na kuendelea kwa siku tano au sita. Frovatriptani, ambayo hukaa mwilini kwa muda mrefu, hutumiwa kwa utaratibu kama huo. Kuziba mshuko kwa estrojeni yenyewe kulijaribiwa London na Anne MacGregor na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006: jeli ya estradioli iliyopakwa kwenye ngozi ilipunguza siku za kipandauso kwa asilimia 22, lakini siku tano baada ya kuacha ziliongezeka kwa asilimia 40. Mshuko ulikuwa umeahirishwa tu. Wale ambao mzunguko wao hautabiriki, au wanaougua mara nyingi nje ya hedhi, hufaidika zaidi na kinga ya kila siku. Propranololi, isiyowafaa wenye pumu, ni ya bei ndogo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku husaidia usingizi pia, ingawa wanawake wengi huiogopa wakisikia kwamba ni dawa ya sonona. Ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mgonjwa kuikabili hofu ya kungoja una nafasi yake kando ya vidonge, wala hauna maana kwamba ugonjwa umo mawazoni.

Hatari kubwa iliyo karibu ni vidonge vyenyewe. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani, kodeini na dawa za mchanganyiko kama zile zenye kafeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa. Kichwa cha siku tatu kinageuka kuwa cha kila siku, na dukani vidonge vinauzwa viwili viwili bila mtu kuhesabu. Shajara hulifichua hili pia.

Suala la uzazi wa mpango lishughulikiwe kwa uangalifu. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huja na wiki moja ya vidonge visivyo na homoni, mara nyingi vile vya kahawia vyenye madini ya chuma, na katika wiki hiyo estrojeni hushuka kwa ghafla kama kabla ya hedhi. Kuna wanaopata nafuu kwa kuunganisha pakiti bila kupumzika, kwa maelekezo ya mtoa huduma. Lakini mwanamke anayeona vimulimuli au kupata ganzi kabla ya kichwa asitumie kabisa vidonge vyenye estrojeni. Shirika la Afya Duniani linamweka katika daraja la 4, la wale ambao hatari ya kiafya haikubaliki, kwa sababu ya kiharusi. Kijiti, sindano na vidonge vya homoni moja havimo katika katazo hilo. Swali la vimulimuli linachukua nusu dakika kuulizwa, na lingepaswa kuulizwa kila mara pakiti ya kwanza inapotolewa.

Katika maisha ya mwanamke ugonjwa huu hufuata mawimbi ya homoni. Ujauzito ukipita miezi mitatu ya mwanzo, wengi hupata nafuu, kwa kuwa estrojeni inapanda na kukaa juu. Baada ya kujifungua inaporomoka, na kichwa huweza kurudi ndani ya siku chache. Kunyonyesha huwaahirishia baadhi yao. Miaka inayokaribia ukomo wa hedhi ndiyo migumu kuliko yote, maana homoni hupanda na kushuka bila mpango na shajara haitabiri tena. Hedhi ikishakoma kabisa, wengi wao hupona au hupata nafuu kubwa. Kwa kuona hivyo, wapo wanaoshauriwa waondolewe kizazi ili kichwa kiishe. Kizazi hakitengenezi estrojeni. Ovari ndizo zinazoitengeneza, na kuziondoa pamoja na kizazi huleta mshuko mkali kuliko wa mwezi wowote, ambao mara nyingi huzidisha kipandauso. Mwanamke anayepewa ushauri huo kwa ajili ya kichwa peke yake aukatae, na atafute maoni ya daktari mwingine.